Volti Zilizobaki Njiani

Nimefanya kazi na Soma Tena miaka kumi na mitatu, meza yake na yangu zinatazamana, kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba yule bwana haeleweki. Anaeleweka sana. Kumvumilia ndiyo kazi. Karakana yetu inafunga mitambo ya umeme wa akiba, ile inayowasha taa za zahanati na ofisi umeme ukikatika. Yeye ndiye mpimaji: betri, chaja, kila kitu kinapita mikononi mwake kabla hakijatoka nje. Mimi naunga nyaya na kulehemu saketi, na wanasema mdomo wangu una moto kuliko pasi yangu ya kulehemu. Waache waseme.

Jina la Soma Tena nilimpa mimi. Akipima kitu huniita nimsomee namba kwenye mita. Nasoma. "Dada, soma tena." Nasoma tena. "Hebu soma tena." Siku moja nikamwambia, "Kaka, hizi namba hazina miguu, ziko palepale ulipoziacha!" Karakana nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka, na jina likamganda.

Hakuwa hivyo zamani. Nilimkuta mtu wa utani, anapima huku anapiga mluzi, anaandika SAFI au MBOVU kwa herufi kubwa kwenye fomu na kutia sahihi yenye mkia mrefu. Siku hizi anajaza namba tu. Sehemu ya mwisho ya fomu, iliyoandikwa "Maoni ya mpimaji", anaiacha wazi. Miaka minane hajaandika neno pale. Meneja alimsema mpaka akachoka. Sasa anazisoma namba na kuamua mwenyewe.

Sababu ni mtunza stoo wetu wa zamani. Hajafa, nalisema hilo mapema mtu asidhani nasimulia habari za mzimu. Yuko hai, anakaa kwa binti yake, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka hapa. Lakini aliye hai anaweza kukuandama vibaya kuliko maiti, maana maiti angalau umemzika. Kila rafu ya stoo bado ina mwandiko wake wa kalamu ya bluu. Mtunza stoo aliyemfuata alibandika lebo za plastiki juu yake, lakini joto linazibandua, asubuhi unazikuta sakafuni na ule mwandiko umekukodolea macho: FYUZI NDOGO. NATI NA BOLTI. ULIZA KABLA YA KUCHUKUA.

Soma Tena haingii stoo. Akitaka hata skrubu moja ananituma mimi, eti magoti yanamuuma. Mara mbili nimemkuta amesimama karibu na ule mlango, kainamisha kichwa, anasikiliza.

"Unasikiliza nini?" nikamuuliza.

"Funguo."

Yule mzee alikuwa anatembea na funguo kumi na tisa kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Nikamwambia aache upuuzi, hakuna funguo hapo. Jioni yake nafunga droo yangu, nikazisikia na mimi. Jamani, nilitoka mbio, sikuzima hata taa.

Na jambo lenyewe lina undugu ndani yake. Mtunza stoo ni shemeji yake Soma Tena, kaka wa mkewe. Kila Jumapili walikuwa wanacheza drafti barazani kwa Soma Tena, wanatukanana kama mashemeji wanavyotukanana, yule anamwita huyu mwizi wa kete, huyu anamwambia yule dada yako nilipewa bure.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Miaka minane iliyopita zililetwa betri mpya ishirini na nne. Mzee akazipokea, akazitoa kwenye maboksi ili apate nafasi, kama alivyozoea, akazipanga rafu ya juu. Rafu ya chini zilikuwapo betri za zamani za aina hiyohiyo, zilizorudishwa. Wiki hiyohiyo wanunuzi wa vyuma chakavu wakaja kuzichukua hizo za chini, mzee akawatolea, na zilizobaki akazibeba mwenyewe mpaka meza ya betri. Siku ya pili Soma Tena akaanza kuzipima zile mpya kwa lodi.

Lodi ni kitu cha kula umeme, basi. Betri ikikaa tu bila kazi inaweza kukuonyesha volti nzuri hata kama imechoka, sawasawa na mgonjwa anayejikaza mbele ya wageni. Ukiibebesha mzigo ndipo unaijua. Lodi inavuta umeme kwa kiasi kilekile, wewe unatazama saa, volti zikishuka mpaka kumi na nusu unakata. Lodi yetu tuliiunda wenyewe: koili kubwa kwenye fremu ya chuma, na mita imefungwa kwenye ubao wake. Betri mpya ilitakiwa idumu saa nne. Zile zilidumu saa mbili na nusu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote ishirini na nne. Soma Tena akaandika MBOVU mara ishirini na nne na kutia mkia wake.

Muuzaji akaapa kwamba alileta mpya. Maboksi yalishachomwa. Funguo anazo mtu mmoja. Meneja akaunganisha mambo: wanunuzi wa chakavu wamebebeshwa zile mpya, na zilizobaki ndizo za zamani. Ama mzee kala njama nao, ama kakosea rafu. Siku tatu mzee alikataa, anazunguka karakana anamshika kila mtu mkono, "Mimi? Mimi nikosee rafu niliyoiandika mwenyewe?" Siku ya nne aliitwa ofisini, akatoka amesaini karatasi kwamba labda alikosea. Unga wake ukamwagika hivyo, baada ya miaka ishirini na miwili. Alipopita kwenye meza yetu Soma Tena aliinama akafunga kamba ya kiatu, na kiatu chake hakikuwa na kamba.

Mke wa Soma Tena alimuuliza mumewe mara moja tu, "Una hakika?" Akajibu, "Nimepima." Hawajaongea habari hiyo tena, na kaka mtu hajakanyaga nyumba ile. Wanaonana mazikoni, wanapeana mikono, kila mtu anashika njia yake.

Lile lidude la koili likafunikwa turubai likasukumwa kwenye kona ya stoo, Soma Tena kakataa kulitumia, na tangu hapo tukawa tunapima kwa taa za gari na saa ya ukutani. Betri zile mbovu zikatupwa huku na huko. Mbili akapewa mlinzi wa geti awashie taa ya kibanda chake. Taa hiyo iliwaka miaka sita. Mlinzi alikuwa anatutania, "Nileteeni mbovu nyingine kama hizi!" Sisi tunacheka. Soma Tena akaanza kupita geti la nyuma, anazunguka uzio mzima kwenye matope ili asiione taa ile. Nilimwona, nikanyamaza. Mimi, ninayesema kila kitu!

Basi, mwaka huu muuzaji mmoja akatuletea lodi ya kisasa tuijaribu wiki mbili. Inaingia kwenye mkoba wa shule. Ina kioo kidogo na vitufe vya kuipangia kazi: vuta ampea kadhaa, kata volti zikifika hapa, hesabu muda, tunza matokeo. Unaondoka zako kunywa chai, yenyewe inafanya. Meneja akaja na fomu mkononi. "Safari hii nataka jibu," akamwambia Soma Tena. "Tununue au turudishe. Usiniletee namba tupu." Akagonga kidole kwenye ile sehemu ya mwisho.

Siku ya kwanza hakuigusa mpaka saa tano. Kisha akaanza, na lazima niseme ukweli, alifanya kazi ya mtu mzima. Aliipima yenyewe kwanza: ikisema inavuta ampea tano, je, ni tano kweli? Akaweka mita yetu nzuri katikati, akaniita. Nikasoma, nikasoma tena. Zililingana. Akaipanga ivute kwa kupanda na kushuka, tukaona chaja za bei rahisi zinavyoyumba. Feni zake zina kelele, vitufe vidogo kwa vidole vya mafundi, na ikipata moto inajizima bila kukuambia kwa nini. Yote akaandika. Nikaanza kuona mluzi unamjia mdomoni, halafu unarudi.

Siku ya tatu akaweka betri mpya kabisa, aliyoitoa kwenye boksi mwenyewe. Lodi ile ina jozi mbili za nyaya. Jozi nene ni ya kuvutia umeme. Jozi nyembamba haivuti kitu. Inaenda mpaka kwenye vichwa vya betri na kuchungulia volti palepale. Akapima kwanza kwa nyaya nene peke yake. Betri ikakata mapema. Akaichaji usiku kucha, kesho yake akarudia akiwa amefunga na zile nyembamba. Ikadumu dakika ishirini na mbili zaidi.

"Soma tena," akaniambia.

"Dakika ishirini na mbili," nikasema. "Betri moja, mashine moja. Kwani imekula uji asubuhi?"

Alizishika zile nyaya nene, akazipima urefu kwa kiganja chake. Hazifiki mita moja. Umeme mwingi ukipita kwenye waya, volti kidogo zinabaki njiani, na mita iliyo upande wa mashine inadhani ni betri ndiyo imezipoteza. Hilo kila fundi analijua. Tulilisoma shuleni, tukafanyia mtihani, tukafaulu. Nikamwona anageuza kichwa polepole kutazama dirishani, na pale ndipo nilipoiweka pasi yangu chini.

Kwa sababu lodi ya zamani, ile ya koili, haikukaa dirishani toka mwanzo. Ilikuwa pembeni ya meza ya betri, nyaya zake fupi na nene. Nani aliyelalamika joto? Mimi. "Mnanikaanga hapa kama kitumbua," nilisema, wiki nzima nikipiga kelele, mpaka Soma Tena akaisogeza dirishani. Nyaya zikawa hazifiki. Nani aliyeziunganisha nyingine za kurefusha? Mimi, kwa waya mwembamba wa taa za nyumbani, huo ndio uliokuwa karibu. Nililehemu vizuri mno, mpaka leo ukiyaangalia yale mafundo utayasifu. Ilikuwa siku mbili kabla ya betri zile ishirini na nne.

Aliingia stoo. Kwa miguu yake, baada ya miaka minane. Akavuta turubai, vumbi likatufunika wote wawili. Nyaya zilikuwa bado zimefungwa kwenye lodi, zimezungushwa vizuri, na mafundo yangu yanang'aa. Tukaiburuta mpaka dirishani palepale. Akaunga betri nyingine mpya, iliyojaa. Kabla ya kuwasha alishika mita moja kwenye vichwa vya betri na kunitaka nisome ile ya kwenye ubao. Kumi na mbili na pointi saba huku, kumi na mbili na pointi saba kule.

"Hivi ndivyo nilivyohakikisha siku ile," akasema. "Nilipima kote kuwili. Zilikuwa sawa."

Zilikuwa sawa kwa sababu hakuna umeme uliokuwa unapita. Akawasha. Koili zikaanza kuwa nyekundu. Tulikaa saa mbili na nusu tukizitazama mita mbili. Mita ya kwenye ubao ilipofika kumi na nusu, ya kwenye betri ilisoma kumi na moja na pointi tisa. Volti moja na pointi nne zilikuwa kwenye waya wangu. Betri ilikuwa nzima, haina neno, na mita inasema imekufa.

Safari hii hakuniambia nisome tena. Aliketi juu ya boksi akalia, mtu wa miaka hamsini na tano, kamasi zinamtoka, na mimi nikamkemea, "Acha! Acha kulia!" huku machozi yananitiririka mpaka shingoni. Nilimchukia saa ile. Nilijichukia zaidi. Nilimwambia nyaya nililehemu mimi, akasema anajua, alikuwa amesimama hapohapo akinishikia taa.

Fomu aliijaza siku hiyohiyo. Kwenye maoni aliandika inunuliwe, ila pasipimwe betri bila nyaya nyembamba. Chini yake akaandika kwamba betri ishirini na nne za miaka minane iliyopita zilikuwa nzima, kosa lilikuwa la upimaji, na mtunza stoo hakukosea rafu wala hakuiba. Akatia sahihi. Nikachukua kalamu nikatia na yangu.

Meneja alisoma amesimama. "Hii lodi tutanunua," akasema. "Haya mengine ni ya zamani. Mkiyafukua yatatusaidia nini?"

Hapo nililipuka. Nilimwambia yasipotusaidia sisi yatamsaidia mwenyewe, na kwamba asipoyaweka kwenye faili la yule mzee nitayabandika getini asome kila anayepita. Alinitazama kama anataka kunifukuza, akaona haya, akaliita faili.

Soma Tena alienda nyumbani kumwambia mkewe kwanza. Sikuwapo, ila aliniambia mke hakupiga kelele. Alimpa viatu vyake. "Nenda kwa kaka. Usirudi hapa kabla hujamwambia." Akanipitia mimi kwangu tukaenda wote, jua likiwa bado kali.

Binti wa mzee alitufungulia, kisha akafunga nyuma yetu na kutia ufunguo mfukoni. Akaona nimeshangaa. "Baba hataki kushika funguo," akanong'ona. "Ananiuliza mara kumi kama mlango umefungwa. Hapokei kitu cha mtu. Nimempeleka hospitali, wakasema kichwa chake hakina ugonjwa."

Mzee alikuwa ameketi kwenye kochi, amekonda, shati limefungwa mpaka juu. Alimwita Soma Tena "shemeji", kwa adabu, na adabu ile ilikata kuliko tusi. Soma Tena hakuketi. Alisema yote kwa mfululizo, dirisha, nyaya, mita mbili, volti zilizobaki njiani. Nikasema waya niliunga mimi. Tukamwekea karatasi mapajani. Aliisoma, akarudi mwanzo akaisoma upya.

Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka atutukane, wallahi nilitaka.

"Kwa hiyo walichukua za chini," mzee akasema.

"Za chini, shemeji. Uliwapa za chini. Hukukosea."

"Hapana," akasema taratibu, kama mtu anayemrekebisha mtoto. "Mimi nakumbuka. Mwanzo sikukumbuka, nikakataa. Baadaye nikatafuta, nikatafuta, mwisho nikaona. Nilinyoosha mkono rafu ya juu. Yule mnunuzi mwenye kofia akasema zinaonekana mpya hizi, nikamjibu ni vumbi tu halijakaa. Naiona betri, nausikia uzito wake. Miaka yote hii naiona." Akatutazama mmoja mmoja, mimi, Soma Tena, binti yake. "Kama sikuishika, haya ninayoyakumbuka nimeyatoa wapi?"

"Umeyatoa kwetu, mzee," nikasema.

Mzee akatuonyesha viti. Akataka tuanze asubuhi ya siku ile, polepole: yeye aseme anavyokumbuka, sisi tuseme ilivyokuwa. Tulifanya hivyo mpaka jua likazama, tukarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine. Mengi yamemtoka. Yale maneno ya mnunuzi yametoka, hata kofia imetoka. Lakini ule mkono unaonyooka kwenye rafu ya juu na kushika betri haujatoka mpaka leo, na kila Jumapili anatuomba radhi kwa ajili ya mkono huo.